340 NI HESABU YA NINI? Uhakiki juu ya Lotus 340R na namna wanavyoiuza



Sisi tunaopenda magari tunayajua matangazo ya kuuza Lotus 340R. Hayatokei mara nyingi, lakini yakitokea yanafanana: ni moja kati ya 340 tu, imetunzwa vizuri, imetembea kilometa kidogo, haijaona mvua. Kisha inafuata beyi ambayo assistant wa chuo kikuu hawezi hata kuiota. Leo siongei juu ya beyi. Nataka tuhakiki ile sifa yenyewe, juu naona inaiuza gari hii kwa sababu iliyo kinyume na kazi yake.

Tuanze na fikra iliyoizaa. Lotus ni kampuni ya Uingereza, iko Hethel, mkoa wa Norfolk. Mwanzilishi wake Colin Chapman, aliyekufa 1982, alikuwa anashikilia jambo moja: ukitaka gari iende mbio, usikimbilie kuongeza nguvu ya moteri, anza na kupunguza uzito. Nguvu inakusaidia zaidi pale njia imenyooka. Wepesi unakusaidia kila mahali: kuondoka, kukata kona, kusimama. Gari nyepesi haichoshi freni, haimalizi pine haraka, inatosheka na moteri ndogo. Na moteri ndogo yenyewe iko na uzito kidogo. Yaani wepesi unazaa wepesi.

Mwaka 1996 fikra hiyo ilitoa gari iitwayo Elise. Chasi yake ni vipande vya alumini vilivyoshikanishwa kwa gundi, bila kuchomelewa. Chasi nzima iko na kilo 68 hivi, uzito wa mutu mmoja tu. Juu ya msingi ule njo walijenga 340R. Walionyesha mfano wake Birmingham 1998, watu wa gazeti la Autocar wakiwa wamechangia mawazo, na zile za kuuza zikatoka mwaka 2000. Haina milango. Haina paa. Magurudumu yako nje, na vifuniko vidogo kama vya pikipiki. Ndani kuna viti viwili, usukani, pedali na vipimo vichache. Nyuma ya viti kuna moteri ya Rover ya lita 1.8, nguvu za farasi 177. Ni gari ya kupeleka kwenye uwanja wa mbio, ukiwa umevaa kofia ngumu.

Sasa tuangalie jina. Wengi wanafikiri inaitwa 340R juu walitengeneza 340. Apana. Mwanzoni 340 ilikuwa lengo la mainjinia: kilo 500 na farasi 170, maana yake farasi 340 kwa kila tani. Lakini gari iliyofika kwa wanunuzi ilikuwa na kilo 701 hivi. Chukua karatasi, gawanya: unapata farasi 252 kwa tani. Lengo halikufikiwa. Kampuni ikatengeneza gari 340, jina likabaki, na namba ikapata maana mpya.

Hapo njo kuna ugomvi wangu na matangazo. 340 ya kwanza ilikuwa ahadi. Unaweza kuipima, na ukiipima unaona ilishindwa. 340 ya pili inahesabu tu uhaba, haiwezi kushindwa hata siku moja. Muuzaji anashika ya pili, ya kwanza haitaji kabisa. Mimi naipa heshima ile iliyoshindwa. Gari ya familia yenye farasi 100 na kilo 1,200 haifiki hata 84 kwa tani. Kufika 252 na moteri ndogo ya lita 1.8 ni kazi ya watu waliokaa wakijiuliza juu ya kila kipande: hiki kinafanya nini hapa?

Tuje kwenye neno "imetunzwa". Kwetu, tukinunua gari ya okazioni, swali la kwanza ni kilometa, na tuko na haki: tunanunua gari ya kazi, tunataka kujua maisha gani yamebaki. Lakini gari ya mbio iliyokaa miaka mingi garajini haijatunzwa, imefichwa. Pine zinakauka na kuwa ngumu, na 340R ilipewa pine zake maalum, Yokohama A038R. Mukanda wa moteri unazeeka kwa miaka, hata bila kutembea. Mafuta ya freni yanavuta unyevu. Moteri hii ya Rover yenyewe inajulikana kwa udhaifu wa jointi ya kulasi, na joto likizidi inaharibika, kwa hiyo inataka mutu anayeangalia maji yake kila mara. Chasi ikipigwa vibaya, fundi wa kuchomelea hawezi kuirudisha. Mambo haya ndiyo ningetaka kusoma. Kama haijaona mvua, nifanye nini na habari hiyo?

Najua jibu litakalokuja: wote wakizipeleka kwenye mbio, zitaisha. Ni kweli, kila ajali inapunguza ile hesabu, na zingine zikae makumbusho, sikatai. Lakini gari hii haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Ikisimama, inafanana na mdudu aliyepoteza mabawa. Akili yake inaonekana pale inapokata kona. Ngoma ukiitundika ukutani ngozi inakauka, na watoto watakuuliza hiki ni kiti cha namna gani.

Kwa nini hii ituhusu sisi huku Congo? Angalia Lotus ya leo, ambayo tangu 2017 iko mikononi mwa Geely ya China. Mwaka 2022 ilionyesha Eletre, gari ya umeme yenye karibu tani mbili na nusu. Ni 340R tatu na nusu, na alama ya mbele ni ile ile. Gari nzito ya umeme inaomba betri kubwa, na betri kubwa inaomba madini mengi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Katanga yetu. Kwa hiyo swali la Chapman, kitu gani tunaweza kuondoa, linatugusa kuliko linavyomgusa yule tajiri mwenye garaji yenye hewa baridi.

Kama ningekuwa mimi muuzaji, ningeandika hivi: gari ya kilo 701, iliyotafuta 340 ikapata 252. Mukanda ulibadilishwa mwaka fulani na fundi fulani. Jointi ya kulasi ilifanywa, hii hapa facture. Chasi haijaguswa. Kwenye mbio imepelekwa mara kadhaa kwa mwaka, na freni zinaonyesha. Itunze hivyo hivyo.

Wenzangu wa polytechnique, nyinyi mungeongeza nini kwenye tangazo hilo? Ao, kwa heshima ya Chapman, mungeondoa nini?