Mkandaji na Mkono Mtupu

Mashine ya kunyolea ikishazimwa, mteja wa saluni ya kiume jijini Dar es Salaam huwa bado hajamaliza. Huhamishiwa kiti cha pili. Msichana aliyekuwa amekaa pembeni na simu yake huinuka, akamwosha kichwa kwa maji ya vuguvugu, akamfunika uso kwa taulo la moto, kisha akaweka vidole gumba viwili chini ya kisogo, pale shingo inaposhikana na fuvu, akaanza kuvizungusha taratibu. Mteja aliyeingia akigombana na mtu kwenye simu sasa amefumba macho na mdomo umemlegea. Vidole vinashuka mabegani, vinapanda, vinatua kwenye panja kwa miduara midogo. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Akiinuka hulipa bei ya kunyoa, hujitazama kiooni, huyoo. Muulize masaji ilikuwa shilingi ngapi, atakwambia ile ni ya bure, inakuja na kunyoa.

Kuna aliyeigharamia. Mara nyingi msichana yule hana mshahara. Ana kamisheni ndogo na asante ya mteja, ikiwapo. Jumamosi ikiisha ameshachua shingo za wanaume asiowajua majina, na wengi wao wameondoka wakiamini wamepewa zawadi na mwenye saluni.

Swali la kama mkandaji atoe huduma yake bure haliishii saluni. Linamfuata hadi nyumbani. Hakuna anayemwendea seremala katikati ya harusi akamwomba ampigie randa ubao mmoja, lakini mchuaji hawezi kukaa kwenye jamvi na ndugu zake bila shangazi mmoja kumgeuzia mgongo: “Hebu nibonyeze hapa begani, mwanangu, kidogo tu.” Hiyo kidogo huishia nusu saa, na nyuma ya shangazi kuna foleni.

Chanzo chake ni kwamba ufundi huu hauna malighafi. Mama ntilie akimpa mtu sahani ya wali bure, sufuria inaonesha pengo. Mkandaji akimaliza, mikono yake iko palepale, miwili, vidole kumi. Kilichotumika hakionekani. Kimekwenda kwenye maungio ya vidole gumba, ambayo ndiyo huwa ya kwanza kulalamika, kwenye vifundo vya mikono na kwenye kiuno kinachoinama juu ya kitanda siku nzima. Kinyozi anaweza kupitisha vichwa ishirini kwa siku. Anayekanda mwili mzima kwa saa nzima hawezi hata nusu ya hiyo, la sivyo mwaka wa tano utamkuta yeye ndiye mgonjwa.

Na ufundi wenyewe si nguvu, ingawa wengi hudhani hivyo. Kiswahili kimeupambanua vizuri: kuna kukanda, kwa kiganja kizima, kama unga wa chapati, kuna kuchua, kwa mafuta, kufuata msuli unakoelekea, kuna kubonyeza, kufinya, kunyoosha. Fundi hasukumi kwa mkono. Huegemea, uzito wa mwili ukashuka wenyewe kupitia kiwiko kilichonyooka. Kiganja chake husoma: hapa nyama imelegea, hapa imejikunja kama kamba yenye fundo, hapa mtu ameshika pumzi bila kujijua. Anajua pia mahali pa kutogusa. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na moto na maumivu, halikandi. Humpeleka mwenyewe hospitali, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge lile likisukumwa linaweza kukimbilia mapafuni. Katika klabu zetu za mpira mtu wa namna hii ana cheo chake, mchua misuli, naye hukaa benchi moja na daktari wa timu. Hakuna kiongozi wa klabu anayemwambia afanye kazi kwa mapenzi ya jezi tu.

Pwani ilikwisha kulijibu swali hili zamani, na jibu lake limelala ndani ya neno moja. Mwanamke wa Unguja, Pemba au Mombasa akijifungua, mkandaji huja. Anaanzia mgongoni kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, anashuka nyonga, anapaka mafuta ya nazi, anarudi tumboni kwa upole zaidi. (Jeraha la upasuaji huachwa lilivyo, maji ya moto hayapiti hapo, na mkandaji mwenye akili halihitaji onyo la muuguzi.) Akimaliza hulifunga tumbo kwa kitambaa kirefu, akikaza duru kwa duru. Kitambaa hicho ndicho mkaja. Kesho anarudi tena, na keshokutwa, arobaini ikiwa inasogea. Sasa tazama: mtoto yule akiwa wa kike, akakua, akaja kuposwa, mwenye kuoa hudaiwa mkaja wa mama, kando kabisa ya mahari. Miaka ishirini na kitu imepita, kitambaa kimeshachakaa na kutupwa, lakini jina lake bado linatajwa mbele ya wazee na fedha inahesabiwa. Jamii iliyoweka deni la namna hiyo haikuwahi kuamini kwamba mwili wa mzazi hutunzwa bure.

Wala mkandaji mwenyewe hakuondoka mikono mitupu. Doti ya kanga, sabuni, sukari, bahasha. Wengine huita asante, na neno hilo ndilo linalowachanganya vijana wa leo: wakisikia asante wanadhani ni hiari. Mzee wa nyumba alijua vizuri kuwa asipotoa, mimba ijayo atamtafuta mkandaji mwingine, na habari zitakuwa zimemtangulia. Mkono mtupu haulambwi.

Mbali na hapa, wapo waliowahi kupigania haki ya kuuza kazi hii kwa gharama ya roho zao. Nchini Japani, katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, mtabibu asiyeona, alianzisha shule za kuwafunza wenzake wasioona kuchoma sindano za tiba na kukanda. Utaratibu wa kuwafunza wasioona kazi hiyo ukavuka bahari hadi Korea wakati wa utawala wa Wajapani, na baadaye Korea Kusini ikaweka sheria kwamba leseni ya ukandaji ni ya wasioona peke yao. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliitengua kanuni hiyo, ikisema inawanyima wengine uhuru wa kuchagua kazi. Wakandaji wasioona waliingia barabarani mjini Seoul. Baadhi yao walijirusha katika mto Han. Mwaka huohuo bunge likairudisha haki yao kwa sheria mpya, na mwaka 2008 mahakama ileile ikaikubali. Unaweza kubishana na sheria hiyo, na wengi wamebishana nayo. Lakini jaribu kusimama mbele ya mmoja wa watu wale umwambie kwamba masaji ni jambo dogo la kupeana bure. Hata Kigali wapo wasioona waliofunzwa kazi hii na wanaoishi kwayo.

Bei inalinda kitu kingine pia, nacho ni heshima. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua nyumba za London zilizojiita za masaji huku zikifanya biashara nyingine. Wanawake wanne, wauguzi na wakunga, hawakuikimbia kazi yao. Waliunda chama, wakaweka mitihani na kanuni kali za nani akandwe na kwa idhini ya nani. Ndicho chama kilichokuja kuwa cha wataalamu wa fiziotherapia nchini humo. Msichana wa saluni yetu angewaelewa upesi. Mguso usio na bei ukutani huacha nafasi ya tafsiri, na wateja wa kujitafsiria hawakosekani.

Je, bure haina mahali pake? Inapo, na ni pazuri. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake wa Miami walichapisha utafiti juu ya watoto njiti: waliochuliwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku kumi, waliongezeka uzito kwa siku kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, wakatoka hospitali siku sita mapema. Mkandaji anayekwenda wodini Ijumaa moja akamfundisha mama jinsi ya kumpitishia mwanawe kiganja ametoa kitu kikubwa, na hakitamchosha, kwa sababu kesho mama anaendelea mwenyewe. Bure nyingine ni ya wao kwa wao. Mganga hajigangi, na kwa mkandaji msemo huu ni wa kweli tupu: hawezi kuufikia mgongo wake. Wenye akili hupeana zamu, nikande nikukande, mwisho wa wiki, mlango umefungwa.

Kinachofanana katika mifano hiyo miwili ni kwamba mwenye mkono ndiye aliyeamua. Shangazi wa harusini hakumwachia nafasi ya kuamua, wala mwenye saluni aliyetangaza zawadi kwa kutumia vidole vya mtu mwingine. Hilo ni kunyang'anywa kwa tabasamu.

Kwa hiyo, msomaji, Jumamosi hii ukishanyolewa na kuhamishiwa kile kiti cha pili, usisinzie kabla ya kumuuliza binti jina lake na namna anavyolipwa. Ukiinuka, mpe chake mkononi, usikiachie kaunta.