Lugha ya Kanuni za PF: Uhakiki wa Tafsiri ya Anwani na Uelekezaji wa Pakiti
PF, ukuta wa moto uliotolewa na OpenBSD 3.0 mwaka 2001, awali ulitafsiri anwani kabla ya kuchuja pakiti. Udhaifu wa muundo huo ulijificha katika usomaji. Msimamizi aliyeelekeza mlango namba 80 wa anwani ya umma kwenye seva ya ndani, kisha akaandika kanuni ya kuzuia iliyotaja anwani ya umma, hakuzuia chochote, kwa kuwa kichujio kiliona anwani ya ndani pekee. OpenBSD 4.7, mwaka 2010, iliunganisha idhini na uelekezaji katika kanuni moja. Mageuzi hayo yanastahili sifa. Hata hivyo, kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo hutawala, isipokuwa neno quick likatize usomaji. Hivyo mpangilio wa mistari ungali sehemu ya maana.