Jiwe la Ivuna na Chumvi ya Wasimulizi

Makala zinazokusanya mambo ya ajabu ya historia na utamaduni wa nchi yetu zimekuwa nyingi, na hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani watu wasiojua visa vyao hubaki kusikiliza visa vya wengine. Lakini wingi wa makala si ithibati ya ubora wake. Twaona yafaa makala hizo zipimwe kama mashairi yapimwavyo na wajuzi: si kwa urefu wa beti, bali kwa ukweli wa neno na uzito wa fikra. Katika insha hii tumechagua kisa kimoja, cha jiwe lililoanguka Ivuna, jirani na Kamsamba, mwaka 1938. Kwa kisa hicho twataka kuonyesha kasoro tatu za wasimulizi wetu: kuyapima maajabu kwa ukubwa, kutia chumvi mahali ambapo ukweli unatosha, na kumtoa mwananchi katika kisa kilichotokea uani kwake.

Kwanza tumweleze msomaji mahali penyewe. Kamsamba ipo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya. Atokaye Tunduma, mji wa mpakani ambako malori husubiri kuingia Zambia, huziacha nyanda za juu na kuteremka hadi bonde la Rukwa, penye joto na ardhi tambarare. Hapo hupita Mto Momba ukielekea Ziwa Rukwa, ziwa lipokealo mito lakini lisilo na mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Ng'ambo ya Momba ni Kilyamatundu, katika Mkoa wa Rukwa, na siku hizi daraja linaziunganisha pande hizo mbili. Wawanda na Wanyamwanga ni miongoni mwa wenyeji wa sehemu hizi.

Ivuna, iliyo jirani na Kamsamba, ilijulikana kwa chumvi kabla ya kujulikana kwa jiwe. Mwaka 1968 wataalamu wa mambo ya kale Brian Fagan na John Yellen walichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchimbaji wao mahali hapo, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna tangu karne ya 13 hivi. Kazi ya chumvi ya namna hiyo yataka maarifa na subira. Udongo wenye chumvi hukusanywa, humwagiwa maji, huchujwa, kisha maji yale huchemshwa katika vyungu mpaka yakauke na kuacha chumvi. Vipande vya vyungu na mabaki ya kazi hiyo vilikuwa vimelala ardhini kwa karne nyingi, vikiwa ushahidi wa ufundi wa watu ambao hawakuacha maandishi.

Katika nchi hiyo ya chumvi, Ijumaa tarehe 16 Desemba 1938, Tanganyika ikiwa chini ya udhamini wa Uingereza, jiwe liliteremka kutoka angani. Mabaki yake yaliyohifadhiwa yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, yaani karibu sawa na kibaba kimoja cha nafaka. Hicho ndicho kisa. Tazama sasa wasimulizi wetu wanavyokitendea.

Kasoro ya kwanza ni ile ya kupenda makubwa. Mkoa huo huo wa Songwe una kimondo kingine, Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi. Hicho ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Wageni hukizunguka, hukigusa, hupigwa picha kando yake. Makala nyingi za maajabu humtaja Mbozi, na ni haki yake. Lakini makala hizo hizo humpita Ivuna kimya kimya, kwa kuwa Ivuna haina cha kuegemewa na mpiga picha. Hapa mizani imetumika vibaya. Mshairi ajuaye kazi yake hajui mizani ya kuhesabu silabi peke yake. Ajua pia kwamba ubeti mmoja waweza kubeba yasiyobebwa na utenzi mzima. Jiwe la Ivuna ni ubeti wa namna hiyo.

Wataalamu wa vimondo wameyagawa mawe ya angani katika makundi, na kundi moja lililo adimu sana huitwa CI. Herufi ya kwanza yahusu kaboni; ya pili ni herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Kwa miaka mingi vimondo vilivyoonekana vikianguka na kuwekwa katika kundi hilo vilihesabiwa kuwa vitano tu duniani kote: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, vyote vya Ufaransa, Tonk mwaka 1911, huko India, Ivuna mwaka 1938, na Revelstoke mwaka 1965, huko Kanada. Thamani ya mawe hayo ni hii: ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi zilizomo ndani yake wakaribiana sana na ule wa jua lenyewe. Ni masalio ya vumbi lililokuwapo jua na sayari zilipoumbwa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, na jiwe lenyewe halikupata kuyeyuka tangu hapo. Mwanasayansi atakaye kujua kama kitu fulani kimeongezeka au kimepungua tangu mwanzo wa sayari, hulinganisha na mawe ya kundi la Ivuna.

Tarehe 6 Desemba 2020 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilirudisha duniani gramu 5.4 hivi za mchanga kutoka Ryugu, gimba dogo lizungukalo jua. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa mchanga huo wafanana mno na vimondo vya kundi la CI. Basi Wajapani walisafiri mamilioni ya kilomita, wakarudi na udongo ambao ndugu yake alikwisha kuja mwenyewe karibu na Kamsamba miaka 82 kabla. Kama hili si jambo la ajabu, hatujui neno hilo lawekewa nini.

Kasoro ya pili ni kutia chumvi. Msimulizi akiona kisa chake ni kidogo, hukiongezea moto, ngurumo, miujiza na laana, akidhani anakiremba. Lakini ugonjwa huu si wa wasimulizi wa vijiweni peke yao. Wasomi wakubwa nao huupata. Mnamo Novemba 1961, zikiwa zimebaki wiki tatu tu Tanganyika ipate uhuru, George Claus na Bartholomew Nagy, watafiti wa New York, waliandika katika jarida la Nature kwamba kwa hadubini wameona ndani ya vimondo vya Orgueil na Ivuna vitu vidogo vilivyofanana na mabaki ya viumbe. Habari hiyo ilizusha mjadala mkubwa: je, uhai uliwahi kuwako kwingineko? Frank Fitch na Edward Anders wa Chicago walichunguza kwa upande wao, wakaonyesha kuwa baadhi ya vitu vilivyodaiwa kuwa mabaki ya viumbe vya angani vyaelezeka kama uchafu wa hapa hapa duniani, na kimoja kilichosifiwa sana, cha jiwe la Orgueil, kilikuwa chavua ya gugu. Ngano ile ikaporomoka, lakini ukweli wa jiwe ukabaki mahali pake, na ulikuwa mkubwa kuliko ngano.

Tena kuna jambo ambalo mshairi yeyote angelitamani kulitunga, na halikutungwa. Mawe ya kundi hili yana mishipa myeupe ya chumvi, na miongoni mwake imo ya jamii ya chumvi ya haluli ambayo wazee wetu walikuwa wakiinywa kama dawa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mishipa hiyo yote ilitoka angani pamoja na jiwe. Mwaka 2001 Matthieu Gounelle na Michael Zolensky walitoa hoja kwamba mishipa hiyo ilitokea hapa duniani, baada ya mawe kuanguka, kwa sababu ya unyevu wa hewa. Maana yake ni kwamba jiwe lenyewe lilitiwa chumvi likiwa katika hifadhi ya wanadamu! Tunaomba wasimulizi walikumbuke jambo hili kila wanaposhika kalamu. Mtaalamu atakaye kulijua jiwe hana budi kwanza kutenga kilichokuja nalo na kilichoongezwa baadaye. Kazi ya mhakiki wa visa vya kale ni hiyo hiyo.

Kasoro ya tatu ndiyo ituumayo zaidi. Katika lugha ya makala zetu kuna kitenzi kimoja chenye madhara makubwa, nacho ni kugundua. Husemwa kuwa Kimondo cha Mbozi kiligunduliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi. Msomaji makini atauliza: je, watu wa Mbozi waliokuwa wakiishi, wakilima na kuwinda kuzunguka pande la chuma la mita 3 walikuwa hawalioni? Bwana Nott alilitangaza kwa wenzake, na kazi hiyo yastahili kuandikwa. Lakini kutangaza si kugundua. Twaandika leo kitenzi kilichoachwa na ukoloni, tukakifundisha kwa watoto wetu kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa Ivuna kosa ni baya zaidi, kwa kuwa hapo mwananchi ametolewa katika kisa ambacho bila yeye kisingekuwapo. Hebu tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Siku ambayo chuma cha Mbozi kilianguka haijulikani, kwa sababu hakuna ushuhuda wa aliyeona uliofika kwetu. Siku ya Ivuna yajulikana. Tarehe hiyo haikutoka maabara, wala haikusomwa ndani ya jiwe. Imetoka katika macho ya watu waliokuwa chini ya anga hiyo siku hiyo. Zaidi ya hayo, mawe ya kundi hili ni laini, na yakikaa majini humomonyoka. Desemba ni mwezi wa mvua katika bonde la Rukwa. Jiwe la namna hiyo likiachwa nje, misimu michache tu yatosha kulirudisha kuwa udongo. Kuokotwa kwake mapema ndiko kulikoliokoa. Kwa hiyo sayansi ya ulimwengu ina deni kwa jicho lililoona na mkono uliookota, na deni hilo halimo katika makala za maajabu. Jina la Ivuna limesafiri. Watu wa Ivuna wameachwa nyuma.

Jiwe nalo limesafiri. Vipande vyake vimegawanyika katika hifadhi na mikononi mwa wakusanyaji wa nchi za nje. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilinunua kipande kutoka kwa mkusanyaji wa Marekani. Hatusemi kwamba hakikutunzwa vizuri. Twasema kwamba kitu kinaponunuliwa na kuuzwa mbali na kwao, kisa chake ndicho mali pekee inayobaki kwa wenyewe, na mali hiyo nayo hupotea isipoandikwa. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 siku ile ya Desemba 1938 angekuwa amezaliwa mwaka 1928. Hesabu hiyo yatosha kumwonyesha kila mwenye daftari kwamba muda umebaki kidogo mno.

Pengine atatokea mtu wa kutupinga, aseme kuwa mawe ya angani ni mambo ya sayansi na hayahusu utamaduni wa taifa. Twamjibu kwa heshima. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza, tarehe 10 Desemba 1962, kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, watu wengi walielewa utamaduni kuwa ni ngoma. Ngoma imo, na tunaipenda. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyokitazama kilichotokea kwao na kukipa neno. Lugha yetu ilikuwa na neno kimondo kabla ya kufunguliwa maabara yoyote katika nchi hii, na asiye na jina la kitu ni nadra kukitazama mara mbili. Watu waliojua kutenga chumvi na udongo kwa maji na moto tangu karne ya 13 hawawezi kuambiwa leo kwamba elimu ya vitu ni mgeni kwao.

Basi tunapendekeza kwamba waandishi wa maajabu waanze upya na Ivuna. Waandike kwa Kiswahili chepesi, bila miujiza ya kubuni, habari za watengeneza chumvi na habari za jiwe katika sura moja, kwa sababu zimetokea katika ardhi moja. Waende Kamsamba na Ivuna kabla ya kwenda maktaba, wakae na wazee, waandike walichokisikia wazee hao kwa wazazi wao, na watenge wazi ushuhuda na uvumi. Badala ya kugundua waandike kuona, kuokota, kuonyesha, kutangaza, kila kitenzi kwa mwenye kukistahili. Na kitabu hicho kikiisha, nakala za kwanza zipelekwe katika shule za Momba, ili mwanafunzi wa huko ajue kwamba herufi moja katika elimu ya nyota ya ulimwengu mzima ni ya kijiji chake. Chumvi ya Ivuna ilikuwa ya kuungia chakula, na kwa kazi hiyo iliheshimiwa karne nyingi. Katika kisa cha jiwe haihitajiki.