Tochi ya Daktari, Jicho la Jaji

Machi 2012, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini Birmingham, mbwa sita walishinda kisha wakazuiwa. Jaji alikuwa ameshamtangaza kila mmoja wao kuwa bora kuliko wenzake wote wa mbegu yake. Lakini kabla ya kuingia hatua inayofuata, ambako wangekutana na washindi wa mbegu nyingine, ilibidi wapite kwa daktari wa wanyama. Daktari akasema hapana. Pekingese, buldogi, Basset Hound, Clumber Spaniel, Mastiff na Neapolitan Mastiff, wote safari yao ikaishia hapo.

Utaratibu huo ulikuwa mpya. Kennel Club, chama kilichoanzishwa London mwaka 1873 na ambacho ndicho kinachomiliki Crufts, kilichagua mbegu 15 zilizoonekana kuwa na matatizo zaidi ya kiafya kutokana na maumbile, kikaagiza kwamba mshindi wa kila mojawapo akaguliwe kabla ya kusonga mbele. Daktari aliangalia macho, ngozi, upumuaji na mwendo. Hakuruhusiwa kutumia vifaa vya uchunguzi, isipokuwa tochi ndogo.

Ninasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na nimefika kwenye habari hii kupitia filamu. Katika somo la masimulizi ya kweli tulipewa kutazama *Pedigree Dogs Exposed* ya Jemima Harrison, iliyorushwa na BBC Agosti 2008. Darasa zima lilibaki likiizungumzia filamu. Mimi nilibaki na ile tochi. Kwa sababu kadiri ninavyousoma ukaguzi ule, ndivyo ninavyouona kuwa mtoto halali wa filamu: umerithi ujasiri wake, na umerithi kasoro yake.

Tuanze na ujasiri. Harrison alichukua picha za zamani za mbegu mbalimbali akaziweka kando ya mabingwa wa leo. Hakuhitaji maneno mengi. Buldogi wa zamani ana pua. Wa leo ana mikunjo mahali ambapo pua ingekaa. Basset Hound wa zamani tumbo lake liko mbali na ardhi. Kisha tunaoneshwa Cavalier King Charles Spaniel, mbwa mdogo mwenye macho ya huruma, ambaye fuvu lake ni dogo kuliko ubongo uliomo ndani. Maumivu yake yanaonekana na kusikika, na mtazamaji hana pa kukimbilia. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwamba ushahidi ukipangwa vizuri unajisemea wenyewe.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. BBC iliacha kurusha Crufts kuanzia 2009. Mwaka huohuo Kennel Club ilipitia upya nyaraka za sifa za mbegu zote, na ikakataa kuandikisha watoto waliozaliwa na mbwa ndugu wa tumbo moja au mzazi na mwanawe. Januari 2010 ikatoka ripoti ya Profesa Patrick Bateson wa Cambridge kuhusu ufugaji wa mbwa. Filamu chache za saa moja zinaweza kujivunia hayo.

Sasa kasoro. Filamu inahitaji mhalifu, na inampata: mfugaji, mtu wa vikombe na utepe, anayezungumza mbele ya kamera kwa kujiamini huku mhariri akimwandalia picha itakayomuumbua. Nilitazama mara mbili nikihesabu ni mara ngapi kicheko changu kilikuwa kimepangwa na mhariri. Mtazamaji anatoka akiwa msafi. Wabaya ni wale walioko kwenye zulia la kijani.

Ukaguzi wa 2012 una muundo huohuo. Kuna ukumbi, kuna mshindi, kuna mlango, na mlangoni kuna mtu wa kumnasa mkosaji. Wafugaji walikasirika, na hasira yao haikuwa ya kijinga. Wengine walilalamika kwamba mnyama anaondolewa kwa sababu ya kovu la zamani jichoni. Nyuma ya lalamiko hilo kuna swali zito zaidi: jaji alimchagua mbwa huyu kwa kufuata waraka wa sifa uliopitishwa na chama, na daktari wa chama hichohicho anamkataa. Nani kati yao amesoma vibaya?

Jibu langu ni kwamba wote wawili walisoma vizuri. Tatizo liko kwenye matini.

Waraka wa sifa za mbegu ni maandishi ya ajabu, na wanafunzi wa fasihi tungepaswa kuyasoma. Unaeleza mnyama ambaye hajazaliwa bado. Unataja kichwa, macho, mkia, mwendo, hata tabia, kisha wafugaji kwa vizazi wanajaribu kuandika upya maelezo hayo kwa nyama na mfupa. Kivumishi kidogo kinaweza kubadilisha mwili. Ukiandika kwamba uso uwe mfupi, bila kusema mwisho wa ufupi ni wapi, kila jaji atampa zawadi aliye mfupi kumzidi mwenzake, na baada ya miaka mia moja pua imekwisha. Marekebisho ya 2009 yaliujua ukweli huu: kwa buldogi yalilenga kupunguza mikunjo na kuzuia uso kufupishwa kupita kiasi. Wahariri wa kamusi hawapigani na vivumishi kwa nguvu hiyo.

Ridgeback wa kusini mwa Afrika ni mfano unaonigusa zaidi. Mstari wa manyoya yanayoelekea kinyume mgongoni mwake ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, walowezi wakaufanya alama ya mbegu waliyoiita Rhodesian Ridgeback. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti unaoonesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayoleta mstari huo ndiyo hayohayo yanayomweka mbwa katika hatari ya tundu la ngozi linaloweza kushuka hadi karibu na uti wa mgongo. Yaani alama ya uhalali ndiyo inayobeba ugonjwa. Na filamu ya Harrison ilionesha kwamba watoto waliozaliwa bila mstari, wazima kabisa, walikuwa wakiuawa. Ridgeback hakuwamo kwenye orodha ya mbegu 15. Hata angekuwamo, daktari angemulika nini? Tochi humwangaza aliyefika ukumbini. Haimfikii aliyeondolewa akiwa na siku moja. Haimfikii pia mama wa buldogi kwenye meza ya upasuaji, ingawa utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya mimba za buldogi zikizalishwa kwa kisu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo inatenganisha nje na ndani: urembo uko juu, kasoro imejificha. Kwa mbwa hawa urembo wenyewe ndio kasoro. Jicho linalolegea ndilo linaloitwa la huzuni tamu. Pua iliyobanwa ndiyo inayoufanya uso uwe wa mtoto. Kwa hiyo daktari asiye na kifaa anatazama kitu kilekile alichotazama jaji, kwa jicho lilelile, na anaombwa aone kinyume chake.

Mwaka 2016 udhaifu huo ulionekana wazi. German Shepherd, mbwa tunayemjua huku kwetu kama mbwa wa polisi, alishinda mbegu yake Crufts, akapita ukaguzi, akaingia ulingoni. Watazamaji wa televisheni waliona mgongo unaoteremka na miguu ya nyuma inayohangaika, wakapiga kelele. Safari hii mlango ulikuwepo, na mbwa alipita.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila aliyeipenda filamu ile ausome. Ulifanywa na Royal Veterinary College ya London na kuchapishwa mwaka 2012, mwaka uleule wa mbwa sita. Wenye mbwa waliulizwa kama wanyama wao wana shida ya kupumua. Zaidi ya nusu ya wale ambao mbwa wao walionesha dalili za wazi walijibu hapana. Kukoroma, kuhema, kuchoka haraka, kwao ilikuwa kawaida ya mbegu. Hawa si watu wa vikombe. Ni watu wanaolala na mbwa wao kitandani. Shemeji yangu Mikocheni ana pagi anayekoroma akiwa macho. Wageni wakifika huitwa waje wasikilize, na video yake imezunguka kwenye kundi la familia. Hakuna anayemchukia yule mbwa. Anapendwa pamoja na pumzi yake fupi, na kwa sababu yake.

Hapo ndipo ninapoona hatua ya 2019 ilikuwa ya busara zaidi. Kennel Club na Chuo Kikuu cha Cambridge walianzisha mpango wa kupima upumuaji wa buldogi, French Bulldog na pagi. Daktari anamsikiliza mbwa kwa stethoskopu, mbwa anakimbia mchakamchaka dakika tatu, kisha anasikilizwa tena na kupewa daraja kuanzia 0 hadi 3. Hakuna zulia wala mshindi. Kinachotafutwa ni nani azae na nani asizae. Na chombo kikuu hapo ni sikio, ambalo haliwezi kudanganywa na uso wa kitoto.

Je, ukaguzi wa Crufts ulikuwa bure? Sidhani. Kwa mara ya kwanza kikombe hakikutosha, na jambo hilo lilifanyika mbele ya watu. Mhakiki yeyote anajua thamani ya kusema hapana hadharani. Lakini hapana ile ilielekezwa kwa mbwa sita, viumbe pekee katika ukumbi mzima ambao hawakuandika neno hata moja la waraka uliowaumba.