Feruzi katika Mizani ya al-Biruni

Miongoni mwa vitabu ambavyo msomaji wetu anastahiki kuvijua ni al-Jamahir cha Abu Rayhan al-Biruni, alichokiandika katika karne ya 11, mwishoni mwa umri wake, akamtunukia Sultani Mawdud wa Ghazna. Humo ameeleza habari za vito, ikiwemo feruzi, kito cha samawati ielekeayo kijani, ambacho bora yake ilisifika kutoka Nishapur, Khurasani.

Uzuri wa feruzi haufichiki. Shaba ndiyo inayoipa usamawati wake, na chuma huivuta kwenye ukijani. Lakini si kito kigumu, na mafuta na jasho huweza kuibadilisha rangi. Jina lake la Kiajemi lina maana ya ushindi. Kutoka hapo watu wakavuka mpaka, wakadai kuwa mwenye kuivaa hashindwi wala hapatwi na kijicho.

Hapa ndipo ilipo thamani ya kitabu hiki. Ilikuwa ikisemwa kwamba nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Al-Biruni hakutosheka na masimulizi: alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandazia zumaridi, akaendelea hivyo miezi 9, wakati wa joto na wa baridi. Macho ya nyoka hayakudhurika. Tunalomlaumu ni kwamba hoja kama hizi amezichanganya na mashairi, bei na visa vya wafalme, hata msomaji mwenye haraka huweza kubeba kisa akaiacha hukumu.

Na hukumu ndiyo tunayoihitaji. Kujipamba kwa kito asili yake ni halali, imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alivaa pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi. Ama kuitakidi kuwa jiwe lenyewe huleta manufaa au huondoa madhara, hilo ni jambo jingine, nalo linagusa tauhidi.

Kisha iko haki ya mnunuzi. Leo mawe hafifu hutiwa nta au gundi ya plastiki yapate kung'aa, na mawe mengine meupe hupakwa rangi yakaitwa feruzi. Muuzaji akibainisha, hana lawama. Akificha, amefanya ghushi, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha bidhaa kwa sababu ya aibu iliyofichwa.

Basi anayeipenda feruzi aivae kwa uzuri wake, alipe thamani ya jiwe, asilipe thamani ya hofu yake.