Atalaku: filme ya kuangalia mbele ya kampeni

Wandugu, kama hamuyaona Atalaku ya Dieudo Hamadi (2013), muitafute. Tuko Kinshasa, uchaguzi wa 2011. Gaylor, pasta bila franga, anajiweka kwa kandida mwenye kulipa zaidi, kisha anamutafutia wanamuziki wa kumutungia wimbo. Tunacheka, halafu cheko inakauka: kumbe ile makelele yote ya kampeni iko na bei.

Pale filme iko na nguvu. Lakini wengi wetu wanatoka na neno moja: "Bote ni wamoja, mi nabakia nyumba." Hapo nakataa. Gaylor anauzisha sauti ya mdomo. Kura, mtu anaipiga peke yake, nyuma ya kizuizi. Mwenye kuvaa nguo ya kandida bado anaweza kuchagua mwingine. Mwenye kubakia nyumba hachagui mtu.

Tena, filme inafuata kampeni, lakini depite anakaa miaka 5. Sisi ba-agronomu tunajua: kupanda haichukue siku mingi, palizi njo kazi. Depite akirudi mukini wakati wa konje ya bunge, tumuulize: juu ya barabara ya mashamba yetu, ulisema nini kule?