Mwenye Shamba la Nyota

Mwaka 1991 banda letu la video pale Ifakara lilikuwa la miti na mabati, karibu na njia ya kwenda stesheni ya TAZARA. Jenereta lilifungwa nyuma ya ukuta, na lilipozima katikati ya picha tulikaa gizani tukibishana juu ya yale tuliyokwisha kuyaona, hadi mzee mwenye banda alipolivuta tena likawaka. Mtafsiri alikuwa mdogo wangu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akatueleza kwa Kiswahili nani ni nani, anasema nini, na kwa nini anastahili kupigwa.

Katika banda hilo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza Star Wars, Vita vya Nyota. Tuliiona kinyumenyume. Mkanda wa kwanza kufika bondeni ulikuwa ule wa tatu, Return of the Jedi, wa mwaka 1983. Miezi mingi baadaye tukapata ule wa mwaka 1977 ulioanza yote, na mwisho ule wa katikati, The Empire Strikes Back, wa mwaka 1980. Tulidhani huo ni ushamba wetu. Kumbe mwenye hadithi naye aliisimulia kinyumenyume: mwaka 1999 alirudi nyuma kueleza mambo yaliyotangulia, na kazi hiyo ikamchukua hadi mwaka 2005.

Jioni moja ulizuka ubishi ambao sijausahau. Kijana shujaa, Luke, analelewa jangwani na mtu aitwaye Owen. Waingereza wana neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, na mdogo wangu akachagua kumwita Owen "mjomba". Mzee mmoja wa Kindamba akapinga papo hapo. "Mjomba gani huyo? Mjomba hana sababu ya kumficha mtoto habari za baba yake. Huyo ni baba mdogo, anaficha aibu ya ukoo wake." Mdogo wangu akamjibu, "Mzee, mimi natafsiri tu." Watu wakacheka. Lakini miaka 11 baadaye, katika picha ya mwaka 2002, George Lucas alieleza kwamba Owen ni ndugu wa kambo wa baba yake Luke. Mzee alikuwa upande wa haki.

Naleta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi kazi ya Lucas ilivyojengwa. Wapenzi wake husema aliibeba hadithi nzima kichwani tangu siku ya kwanza. Sivyo. Hata jambo kubwa kuliko yote, kwamba yule adui mwenye kofia nyeusi ndiye baba wa shujaa, liliingia wakati wa kuandika picha ya pili. Katika maandishi ya awali ya picha hiyo baba na adui walikuwa watu wawili. Lucas alijenga kama tunavyojenga sisi: chumba kimoja kwanza, na ukipata nafasi unaongeza kingine, kisha unampitisha mgeni kana kwamba nyumba nzima ilichorwa siku moja. Simlaumu kwa hilo. Hadithi nyingi zinazodumu zimejengwa hivyo.

Lucas alizaliwa mwaka 1944 katika mji mdogo wa Modesto, California, katika bonde la wakulima, baba yake akiwa na duka la vifaa vya kuandikia. Alipenda magari ya mashindano hadi mwaka 1962 alipopata ajali iliyokaribia kumwua. Baadaye akasomea sinema. Picha yake ya kwanza ndefu, ya mwaka 1971, haikupata watazamaji. Ya pili, American Graffiti ya mwaka 1973, iligharimu chini ya dola milioni moja na kuingiza zaidi ya milioni 100. Alitaka kutengeneza upya vituko vya Flash Gordon alivyovipenda utotoni, lakini hakupata haki zake. Basi akaamua kutunga vyake. Kukataliwa kule kulimfunza jambo: hadithi ina mwenyewe, na asiye mwenyewe husimama mlangoni.

Kampuni mbili zilikataa wazo lake. Ya tatu, 20th Century Fox, ilikubali kwa sababu mkuu mmoja, Alan Ladd Jr., alimwamini mtu kuliko karatasi zake. Na hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Baada ya mafanikio ya American Graffiti, Lucas angeweza kudai mshahara mnono. Badala yake aliacha mshahara ubaki mdogo, akadai haki ya sehemu zitakazofuata, na haki katika vitu vitakavyouzwa kwa jina la picha: vinyago, fulana, vitabu. Wakuu wa Fox waliona anaomba makapi. Siku hizo vinyago vya sinema havikuwa biashara ya maana. Picha ilipotoka tarehe 25 Mei 1977, watoto walivitaka kwa wingi hata kampuni ya Kenner ikashindwa kuvitengeneza kabla ya Krismasi; ikauza maboksi yenye hati ya ahadi kwamba vinyago vitakuja mwaka unaofuata. Na watu wakanunua ahadi.

Sisi wa bonde la Kilombero tunaijua biashara ya ahadi, ila kwa upande wake mchungu. Mwezi wa pili, debe la ndani limekwisha, mtoto anadaiwa ada, mkulima anauza mpunga ungali kijani shambani. Mnunuzi anatoa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno anakuja na magunia. Mkulima amelima, amepalilia, ameamia ndege, lakini mavuno si yake. Lucas alifanya kinyume: alikula kidogo masika ili mavuno yawe yake.

Lakini haki pekee hazivutii watu kwenye banda. Mwaka 1975 Fox haikuwa tena na idara ya picha za hila, kwa hiyo Lucas akaanzisha karakana yake, Industrial Light & Magic, katika ghala huko Van Nuys, akaijaza vijana ambao wengi wao hawakuwa na jina. Mkuu wao, John Dykstra, na wenzake walitengeneza kamera iliyoongozwa na mitambo, iweze kurudia mwendo uleule mara nyingi bila kukosea. Chombo cha angani tulichokiona kikiruka kilikuwa kimesimama. Kilichosogea ni kamera. Aliyepata kukaa ndani ya treni stesheni ya Ifakara, treni ya pili ikaanza kuondoka na yeye akadhani ni ya kwake, amekwisha kuielewa hila hiyo.

Na vyombo vyenyewe vilikuwa vichafu. Hili ndilo lililotuteka zaidi. Picha nyingine za anga tulizoziona zilikuwa za vyombo vinavyong'aa kama masufuria ya harusi. Huku, chombo cha Han Solo kinakataa kuwaka, kinavuja, kinapigwa ngumi ndipo taa zake ziwake. Utingo yeyote aliyepanda milima ya Mahenge na lori la mpunga wakati wa mvua alikitambua mara moja. Lucas alielewa kwamba mtu huamini dunia ngeni pale anapoona hata huko vitu vinaharibika.

Sauti nazo zilitoka katika vitu vya kawaida. Mtaalamu wake, Ben Burtt, alitengeneza mlio wa ndege za kivita za adui kwa kuchanganya mlio wa tembo na mlio wa gari likipita kwenye barabara yenye maji. Tulikuwa tunaukodolea macho ukutani mlio ambao watu wa vijiji vya pembeni ya bonde wanaukimbia shambani usiku.

Lakini kuna sauti nyingine iliyotugusa zaidi. Katika Return of the Jedi yupo rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Usiku mmoja alikuwepo bandani dereva aliyekulia Kenya, amekuja kununua mchele. Kiumbe yule alipofungua kinywa, dereva akaruka kutoka kwenye benchi. "Jamani, huyo anasema Kikuyu! Anawaita watu waje hapa!" Tulidhani amelewa. Baadaye nilithibitisha: sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, na kweli alitamka maneno ya Kikuyu. Mwaka 2015 aliitwa tena kumpa sauti kiumbe yuleyule.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na sijapata utulivu. Tulifurahi, sikatai. Lakini tujiulize kwa nini lugha ya jirani zetu ilichaguliwa. Ilichaguliwa kwa sababu watengenezaji waliamini mtazamaji wao hataielewa; kwao ilikuwa mlio kama ule wa tembo. Mtu wa Murang'a anaita wenzake waje, na dunia inasikia kelele za kiumbe wa sayari ya mbali. Hii ndiyo kasoro ninayoiona katika kazi ya Lucas: alikusanya kutoka kila mahali, jangwa la Tunisia, wakulima wawili wa Kurosawa wa Japani, Kikuyu cha kwetu, na kila alichokusanya kiligeuka mali yake.

Umiliki huo ulimdhuru hata yeye. Picha iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni The Empire Strikes Back. Aliigharamia mwenyewe kwa fedha zake na mikopo ya benki, lakini aliiongoza Irvin Kershner, na maandishi yalipitia mikono ya Leigh Brackett na Lawrence Kasdan. Picha ya kwanza nayo iliokolewa mezani na wahariri watatu, mmoja wao mke wake wa wakati huo, Marcia, na wote watatu walipewa Oscar. Walikuwepo watu wa kumwambia hapana. Zile za 1999 hadi 2005 zina nguvu ya mitambo na mazungumzo yaliyokauka. Mwaka 1997 alizirudia hata zile za kwanza akabandika mapambo mapya. Hakuna aliyeweza kumzuia. Shamba lilikuwa lake. Mwaka 2012 aliliuza lote kwa Disney kwa dola zaidi ya bilioni 4.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Mwaka 2008, wakati filamu za Kibongo zimeshika kila mji, aliandika na kutengeneza filamu yake, ya mvuvi wa mto Kilombero anayemtafuta mwanawe. Aliipeleka kwa msambazaji jijini Dar es Salaam. Akapewa fedha za kutosha pikipiki iliyotumika, akasaini karatasi moja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, lakini sheria haimsomei mtu karatasi yake. Alikuwa ameuza kila kitu: picha, jina, na sehemu zitakazofuata. Mwaka uliofuata alinunua nakala ya filamu yake mwenyewe sokoni Ifakara. Alinionyesha akasema, "Kaka, mpunga wangu huu."

Sikuwa na neno la kumfariji, na tena sisi hatukuwa watu safi. Banda lile halikumlipa Lucas hata senti moja, wala mdogo wangu hakumwomba ruhusa ya kumfanya Owen mjomba. Tulipokuwa watazamaji, haki ya mtunzi ilikuwa jambo la mbali. Ilitujia siku tulipokuwa watunzi.

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi, Pumzi, ya dakika zipatazo 20, kuhusu dunia iliyoishiwa maji baada ya vita. Msichana Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, kisha anatoka jangwani kuupanda mche. Haina vinyago wala bilioni. Lakini katika filamu hiyo wakati ujao unaonekana kwa macho ya huku kwetu, na jina lake ni neno la Kiswahili linalobaki na maana yake. Hilo Lucas, pamoja na ghala lake lote, hakutupa.

Mdogo wangu ameanza kuandika tena. Juzi alinipigia simu. Kuna mtu ameipenda hadithi yake na ametuma mkataba wa kurasa nne. Nilimwambia avuke daraja la Kilombero aje nao nyumbani tuusome pamoja kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyokuwa akitusomea zile picha. Amekuja. Tumefika ukurasa wa pili, na bado hajasaini.